Maisha ya Mama Eudosia wa Tobaquirá, Aliyemfufua Askari Asiyekufa

Sikieni, enyi waamini wa milimani na wa mabondeni, wenye masikio na wenye nta masikioni: alizaliwa mteule! Alizaliwa Eudosia Tibaduiza, tarehe mosi Machi mwaka 1956, katika mji wa Tobaquirá, nyanda za baridi za Boyacá, na saa ile ile aliyotoka tumboni mwa mama yake kengele ya kanisa ililia bila kuguswa na mkono wa mwanadamu. Mkono wa mwanadamu haukuwapo, hilo ni kweli tupu. Aliyekuwapo ni mbuzi wa sakristani, amenasa pembe kwenye kamba, na alichapwa vizuri baadaye. Roma bado haijapata habari za mtakatifu huyu, lakini Roma ni mbali, na barabara ya kwetu huharibika kila mvua ikinyesha, kwa hiyo tusiwalaumu.

Baba yake alilima vitunguu na viazi, mama yake alifuma ruana za sufu zilizowakinga watu wa Tobaquirá na baridi, na jina la mtoto lilichukuliwa kwenye kalenda ya ukutani, kama ilivyokuwa desturi. Angechelewa siku chache angeitwa Perpetua. Tunasoma kwamba watakatifu wengine, wakiwa wachanga, walikataa kunyonya siku za Ijumaa. Eudosia hakukataa kitu. Alinyonya, akala, akakua, akawa msichana wa mabega mapana na ulimi wa pilipili. Siku ya kipaimara chake alimwambia askofu kwamba kofia yake imekaa upande. Ilikuwa imekaa upande kweli, lakini watu wote mia mbili waliokuwa kanisani walikuwa wamekubaliana kimoyomoyo kulinyamazia jambo hilo. Padre akamwambia mama yake, "Huyu mtoto ama atakuwa mtakatifu, ama atatufukuzisha kazi sote."

Aliolewa mwaka 1977 na Marco Tulio, dereva wa lori la vitunguu, mtu mpole aliyesikia nusu tu ya aliyoambiwa, na pengine ndiyo sababu ndoa ikawa na amani. Mwaka 1979 walijaliwa mtoto mmoja, Libardo. Marco Tulio alifariki kwa kichomi Libardo akiwa na miaka sita. Jirani yao, ukuta kwa ukuta, alikuwa Rosalbina Pirazán, mwoka mikate ya jibini na mwimbaji wa kwaya. Rosalbina alipojifungua mwanawe Edilson mwaka 1992, Eudosia ndiye aliyemshika mtoto kwenye maji ya ubatizo. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili wakaitana komadre, kama waitanavyo kwetu mama wa mtoto na mama wa ubatizo, nao wakawa na haki zote za ukomadre: kuingia bila kubisha, kukopa chumvi bila kurudisha, na kugombana bila kutengana.

Sasa tufike kwenye wito, na hapa waamini watatuwia radhi kama mzaha utapungua kidogo. Libardo aliitwa jeshini, na mnamo Oktoba 1999, akiwa na miaka ishirini, aliuawa katika mapigano kusini mwa nchi. Asubuhi habari ilipofika, Eudosia alikuwa akinyonyoa kuku kwenye beseni la maji ya moto. Mlango ukabishwa. Akaenda kufungua, mikono ikichuruzika maji, manyoya yamemganda hadi viwikoni. Palikuwa na ofisa kijana, karatasi mkononi. Akaisoma hapo hapo kizingitini, sentensi tatu, akampa kalamu atie sahihi, akapiga saluti, akaondoka, kwa maana lori lilikuwa likingoja na alikuwa na nyumba nyingine ya kwenda. Eudosia alibaki amesimama. Hakulia, hakuita mtu. Alisimama pale mlangoni mpaka jua likahama upande wa pili wa mtaa. Rosalbina alipotoka kununua jibini ndipo akamkuta, kalamu ya jeshi bado mkononi, akamshika kiuno, akamkalisha kwenye kiti, akampikia kikombe cha chokoleti ya moto. Neno lake la kwanza, ambalo leo limechongwa kwenye ubao juu ya mlango wetu, lilikuwa hili: "Mtu asiambiwe jambo hili akiwa amesimama."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Nyumba ya Kiti, mwaka 2000, katika sebule ya Eudosia, chini ya viongozi wawili, yeye na Rosalbina, ikiwa na birika moja refu la shaba, na upekecho wa mti wa kupekechea povu. Kazi yao ilikuwa hii. Padre Crisanto, paroko wetu, alikuwa na rafiki kwenye kikosi cha mji wa jirani, na kila mwana wa Tobaquirá alipoanguka vitani Padre alijulishwa mapema kidogo kuliko karatasi. Hapo Eudosia alipika chokoleti, akalifunika birika kwa kitambaa cheupe, akalibeba kwa mikono miwili hadi mlango wa mama au mjane, ili ofisa atakapowasili amkute mtu ameketi, ana kikombe cha moto viganjani na mkono wa mwenzake begani. Baada ya hapo walikaa naye matanga yote, usiku tisa wa rozari, wakimenya viazi na kuosha vyombo. Matanga yakishaanuliwa na wageni wakishaondoka, hapo ndipo kazi ilipoanza hasa: kumpeleka mjane kwenye ofisi za serikali mjini Tunja kudai haki zake, kumsaidia mama kupanga nguo za marehemu, kwenda kulala kwa mtu ambaye nyumba yake imekuwa kubwa ghafla.

Ulimi wa pilipili ulikuwa umetoweka. Watu waliomfahamu zamani walishangaa. Mbele ya waliofiwa Eudosia alizungumza kwa sauti ya chini, laini kama sufu iliyochanwa, na sauti hiyo hakuwa nayo kwa jambo lingine lolote. Kulikuwa na kanuni moja iliyowasumbua, nayo ni hii: habari haisemwi kupitia mlango. Lazima mtu afungue kwanza, akae, ashike kikombe. Lakini watu si wajinga, na waliokuwa na wana jeshini walianza kusitasita kufungua. Kwa hiyo viongozi wetu watakatifu walijifunza kusema uongo. Walisema wamepita tu. Walisema leo ni siku ya somo wako, mtakatifu wa jina lako, tumekuletea chokoleti. Mwaka 2006 Rosalbina alimwambia mama mmoja kwamba ameshinda bahati nasibu ya kanisa, na mama akafungua mlango kwa kicheko. Yule mama aliwasamehe viongozi wote wawili, lakini bahati nasibu hajaicheza tena.

Na uongo wa kwanza kabisa alidanganywa nao Rosalbina mwenyewe. Mwaka 2001, mumewe, Koplo Abelardo, alikanyaga bomu la ardhini. Mara yake ya kwanza birika la Nyumba ya Kiti lilibebwa hatua chache tu, kutoka mlango mmoja hadi mlango wa pili, na Eudosia akasema kwa sauti laini, "Fungua, komadre. Hakuna kitu. Nimekuletea chokoleti tu." Rosalbina akafungua. Waamini walikumbuke neno hilo, kwa maana ndilo litakalowaletea viongozi wetu mkosi.

Basi ikawa kwamba kufikia miaka kumi ya kazi hiyo njema, mji mzima wa Tobaquirá ulimwogopa Mama Eudosia kuliko ndui. Akitoka na kikapu, watu walimwamkia. Akitoka na birika, mtaa ulifungwa. Wanawake walipiga ishara ya msalaba, madirisha yakashushwa, mbwa wakaitwa ndani. Mara moja alilipeleka birika kwa mfua bati likatiwe mpini mpya, likiwa tupu, limening'inia kidoleni, na akina mama watatu wakazirai kwenye njia ya sokoni. Kuanzia hapo alilipeleka kwa fundi ndani ya gunia la viazi. Jambo hilo lilimuuma mtakatifu wetu. Chokoleti, kinywaji cha asubuhi za Krismasi na cha watoto wenye mafua, kwa mikono yake imekuwa kinywaji cha kifo. Alimlalamikia Padre Crisanto, na Padre akamshauri aende akasali.

Mwaka 2011 Edilson, mtoto wa ubatizo wake, alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa jeshini. Kura ya askari ilikuwa imemwangukia, na machozi ya mama yake hayakuigeuza. Alikuwa kwenye kituo cha mlimani ambako simu hushika mtandao juu ya jiwe moja tu, na askari hupanga foleni kulipanda jiwe hilo siku za Jumapili. Rosalbina aliishi kutoka Jumapili hadi Jumapili. Siku za katikati aliendelea kubeba viti na kufariji wengine, lakini alikuwa amekonda, na moyo wake, kwa maneno ya daktari, ulikuwa umeanza kuruka mapigo.

Tarehe 30 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Rosa, somo wa Rosalbina, iliangukia Jumanne. Eudosia aliamka akiwa na wazo. Kama chokoleti imeharibiwa na yeye, basi yeye ndiye wa kuitengeneza. Ataanzia kwa komadre wake, kwa furaha, mchana kweupe, siku ya somo wake. Nani mwingine anaijua kazi hii kama Rosalbina? Nani mwingine ataelewa? Akachemsha maziwa, akatia mdalasini, akapekecha mpaka povu likapanda, akakata vipande vinono vya jibini la kuzamisha vikombeni, kama tunywavyo kwetu, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali akalifunika birika kwa kitambaa cheupe. Akalishika kwa mikono miwili. Akatoka.

Rosalbina alikuwa dirishani akikung'uta unga. Aliliona birika, akakiona kitambaa, akauona mlango wa Eudosia ukifungwa na yeye akielekea upande ule ule wa mwaka 2001. Eudosia akafungua kinywa kumsalimu, na hapo alisikia komeo likisukumwa, kisha la pili, kisha meza ikiburutwa.

"Komadre?" akaita.

"Komadre, fungua. Hakuna kitu. Nimekuletea chokoleti tu, leo ni siku ya somo wako."

Kutoka ndani ikasikika sauti ndogo kama ya mtoto: "Sifungui."

"Rosalbina—"

"Sifungui, Eudosia. Mara ya kwanza nilifungua. Nisipofungua, hujaniambia kitu, na kama hujaniambia, basi Jumapili atapiga simu. Rudi nyumbani na birika lako."

Ndipo Eudosia akang'amua alichofanya. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa limeshatumika. Akisema nimepita tu, hilo ni la mjane wa mtaa wa juu. Akisema ni siku ya somo, hilo ni la kila mtu. Akiapa kwa jina la Mungu, alishawahi kuapa hivyo, Mungu amsamehe, kwenye mlango wa mama mmoja kiziwi. Na kadiri alivyoona huruma, ndivyo sauti yake ilivyozidi kulainika, na kadiri ilivyolainika, ndivyo kilio cha ndani kilivyopanda.

Mtaa nao haukulala. Watu walioshuhudia kutoka madirishani waliona birika, waliona mlango uliofungwa, wakajumlisha. Mwoka mikate wa kona alituma kapu la mikate ya msibani. Wazee wa rozari wakaleta viti vyao wenyewe wakaketi barabarani. Sakristani Teódulo, mtu mwepesi wa miguu na mzito wa akili, akakimbilia mnarani akapiga kengele ya maziko.

"Teódulo! Acha kengele!" Eudosia akapaza sauti.

"Nimeshaanza, mama! Ikikatizwa katikati ni mkosi!"

"Hakuna aliyekufa!"

Mzee mmoja wa rozari akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamnong'oneza jirani yake, "Ona anavyomtunza mwenzake. Mpaka sisi anatuficha."

Padre Crisanto akaja mbio, kanzu imeshikwa kwa mkono mmoja. "Mbona mimi sikuambiwa?"

"Kwa sababu hakuna cha kuambiwa, Padre."

"Maskini," akasema Padre, akivua kofia. "Edilson. Nilimfundisha katekisimu. Alikuwa akilala."

Saa zikapita. Ofisi ya meya, iliyosikia kengele, ilipiga simu kikosini kuuliza ni askari gani wa Tobaquirá ameanguka, ili bendera ishushwe nusu mlingoti. Kikosi kikaona aibu kubwa kutomjua marehemu wake chenyewe, kikatuma gari haraka. Ndani ya gari waliketi luteni kijana na kasisi wa jeshi, na juu ya magoti ya luteni palikuwa na bendera iliyokunjwa pembetatu, ile apewayo mama wa marehemu, kwa tahadhari.

Gari liliposimama mbele ya nyumba, watu wote walisimama. Rosalbina aliliona kupitia ufa wa dirisha, akatoa mlio ambao sitauandika. Eudosia aliona bendera. Na kwa mara ya kwanza siku ile alijiwa na wazo: je, kama birika limejua kabla yake? Je, kama amebeba habari ya kweli bila kujua, kama vile mtu abebavyo ugonjwa? Mtoto aliyemshika juu ya maji ya ubatizo, aliyempiga teke kifuani maji yalipomgusa. Akaweka birika chini, barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwendea luteni.

"Mwanangu," akasema, "niambie mimi kwanza. Usiseme kwa sauti."

Luteni akamtazama, akautazama umati, akawa mwekundu hadi masikioni. "Mama," akanong'ona, "mimi ndiye nimetumwa nije nikuulize wewe. Nani amekufa?"

"Ninyi hamjui?"

"Leo kikosini hakuna jina hata moja. Si leo, wala wiki hii. Nimeangalia mwenyewe kabla ya kuondoka."

"Na kituo cha mlimani?"

"Asubuhi waliongea kwenye redio. Wanataka soksi."

Eudosia alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa kisimani. Soksi! Akashika bega la luteni asianguke, akacheka, akalia, akajipangusa pua kwa ruana. "Waite tena kwenye redio," akasema. "Edilson aseme neno moja tu, mama yake amsikie." Luteni akajibu kwamba ukungu umeshashuka na redio haitapata kitu mpaka kesho asubuhi. Rosalbina hangeweza kungoja mpaka kesho asubuhi. Ndani kilio kilikuwa kimekoma, na hilo lilikuwa baya zaidi. Luteni akaenda mlangoni akatangaza kwa heshima zote kwamba jeshi halina habari yoyote ya huzuni. Kasisi akasema vivyo hivyo. Mlango ukabaki umefungwa, kwa maana nani hajui kwamba kasisi wa jeshi hatembei bure?

Hapo ndipo neema iliposhuka juu ya mtumishi wa Mungu Eudosia, nayo ilishuka kwa sura ya hasira. Alitazama mlango ule, meza nyuma yake, mikate ya msibani, wazee na rozari zao, chokoleti iliyopoa na kufanya utando, na miaka kumi ya sauti laini ikamkauka kooni.

"Rosalbina Pirazán!" akanguruma, na njiwa wakaruka kutoka paa la kanisa. "Punda jike wewe! Nimeamka kabla ya jogoo kukupikia, nimetia jibini la maana, siyo yale makombo unayowapa watu kwenye vikombe vyao huku lako likiwa kubwa kama sabuni ya kufulia! Unadhani hatuoni? Mtaa mzima unaona!"

Watu wakashika vinywa. "Amechanganyikiwa," akasema mzee wa rozari. "Huzuni hiyo."

"Na mikate yako! Mwaka jana mtoto wa mwalimu alivunjika jino kwayo, mimi nikasema alianguka! Mimi! Nimekudanganyia mpaka kwa daktari wa meno!"

Ndani, kitu kilisogea.

"Mama Eudosia," Padre akajaribu, "mbele ya kasisi—"

"Na kuimba kwako!"

Padre Crisanto akafumba macho. Mambo mengine Tobaquirá yalijulikana na wote na hakuna aliyeyasema, na hili lilikuwa la kwanza katika hayo.

"Miaka ishirini unaimba kwenye mazishi, na miaka ishirini hakuna aliyethubutu kukwambia. Padre alinipigia magoti nisikwambie! Ukianza Salamu Malkia, Rosalbina, maiti hushukuru kwamba wamekufa!"

Hata Teódulo aliachia kamba ya kengele. Kisha kutoka nyuma ya mlango ikaja sauti, na haikuwa tena ya mtoto.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Rudia ulichosema kuhusu sauti yangu."

"Nimesema unaimba kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio, na kwamba kila mtu anajua isipokuwa wewe!"

Meza iliburutwa. Komeo la kwanza, komeo la pili. Mlango ukafunguka kwa kishindo na Rosalbina akatokea, nywele timutimu, uso umevimba, kiatu mkononi kimeinuliwa juu. Alipiga hatua mbili kumfuata komadre wake. Ya tatu haikuja. Kiatu kikabaki hewani.

"Eudosia," akasema polepole. "Wewe huwezi kumtukana mama aliyefiwa."

"Siwezi."

"Hukumtukana hata yule aliyekurushia sufuria."

"Hata yule."

"Kwa hiyo hajafa."

"Nani afe siku ya somo wako, mjinga wewe? Anataka soksi."

Kiatu kikaanguka. Rosalbina akainama kama aliyekatwa kamba, na Eudosia akamdaka, na wote wawili wakashuka taratibu mpaka wakaketi kwenye kizingiti, wakishikana, wakilia na kucheka hivi kwamba hakuna aliyeweza kusema ni nani alikuwa akifanya lipi. Watu wanasema mtaa mzima ulishusha pumzi pamoja, na kwamba mishumaa ya rozari ilizimika kwa upepo huo. Chokoleti ilinywewa baridi, ikapita kutoka kinywa hadi kinywa barabarani, pamoja na mikate ya msibani, ambayo ilikuwa laini na mitamu kwa kuwa haikuokwa na Rosalbina. Luteni alikunywa vikombe vitatu na kuisahau bendera kitini. Jumapili Edilson alipanda jiwe lake, akapiga simu, akamkuta mama yake akimfokea kwa kutovaa soksi, asijue amekosa nini. Krismasi alirudi nyumbani, mnene.

Baada ya hapo viongozi wetu walibadili kazi yao. Mama Eudosia alitamka kwamba birika halitabebwa tena kwenye msiba. Kwenye msiba walikwenda wawili, mikono mitupu, na chokoleti ikapikwa jikoni mwa mwenye nyumba. Na uongo wa mlangoni ukakomeshwa. Walisema tu, "Tufungulie, tuna neno, tuko nawe." Milango ilikawia zaidi, lakini ilifunguka. Birika likatolewa kwa siku ya somo wa mtu, ubatizo, kufaulu mitihani na hata ng'ombe aliyezaa mapacha. Mwaka wa kwanza watu bado walizirai. Mwaka wa pili walikuja mlangoni kulilaki. Uvumi wa muujiza ulienea, kwamba Mama Eudosia wa Tobaquirá alimfufua askari kwa matusi, na kina mama wa askari kutoka miji ya mbali walikuja kuligusa birika. Wengine waliomba watukanwe kidogo, kwa baraka, nao walitukanwa. Ikifika Jumamosi, Nyumba ya Kiti imejaa wajane, wazazi na watoto wa walioanguka, na wanaocheka humo ni wengi kuliko wanaolia. Rosalbina ameacha kuimba peke yake. Sasa anaimba na kwaya nzima, katikati, palipo na wenye sauti kubwa.

Mtumishi wa Mungu Eudosia alifariki dunia katika mwezi wa Februari, akiwa na umri mkubwa na neema tele. Chumba kilijaa harufu ya waridi, malaika wawili walionekana juu ya kabati, na maneno yake ya mwisho yalikuwa

Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "We kijana, karatasi hii ni ya nani?" kwa sababu mwandishi wa maisha haya alikuwa ameiacha karatasi hii juu ya meza ya jikoni ya Nyumba ya Kiti alipokwenda kuleta kuni, na aliporudi akamkuta mtakatifu amevaa miwani, ameshaisoma yote.

"Mimi nimekufa lini?" akauliza.

"Mwakani, mama."

"Na nani kakwambia?"

"Padre Crisanto amesema maisha ya mtakatifu lazima yawe na kifo na maajabu."

Mama Rosalbina alisogea akachungulia juu ya bega. "Na mimi niliimba mazishini?"

"Uliimba, mama."

"Vizuri?"

Mwandishi aliangalia kuni zake.

Mama Eudosia hakucheka. Alivua miwani. "Mtaa huu ulishawahi kutangaza kifo ambacho hakikuwapo," akasema, "na mwanamke huyu alikaa nyuma ya meza mchana kutwa, ameshamzika mwanawe moyoni. Unajua mtu hufukuaje kaburi la namna hiyo? Mimi nilimwona akilifukua. Miezi, kijana. Nyumba hii haimtangulizi mtu kaburini. Futa. Kisha uandike ukweli, na uandike kwamba umefuta, ili wajue wewe ni nani."

Kwa hiyo mwandishi anakiri mbele ya waamini wote. Hakuna kifo. Hakuna malaika juu ya kabati, na harufu iliyokuwamo ni ya vitunguu. Mwenye kutaka kuiga mfano wa mtakatifu huyu na amkalishe kitini mtu mwenye huzuni, asimdanganye mlangoni, na asimlilie aliye hai. Waliokwisha kuwasha mishumaa na waizime, na waliokwisha kulia wafute machozi. Mama Eudosia yu hai, na amekasirika.